Kibanda cha kutunza simu nje ya gereza la Kodiaga, Kisumu

Kibanda hiki hakina jina lililoandikwa mahali popote. Ni cha mabati, kiko kando ya njia inayoelekea lango la gereza la Kodiaga, na huduma yake kuu haionekani rafuni: humtunzia mgeni simu na mizigo isiyoruhusiwa ndani, na humweleza, kabla hajajiunga na foleni, ni kitu gani katika mfuko wake kitakachokataliwa. Nimekuwa nikikitumia tangu mdogo wangu alipowekwa rumande, na ninakiandikia tathmini kwa sababu wengi wanaoshuka hapo kutoka kwenye matatu za Maseno na Luanda kwa mara ya kwanza hukipita wakidhani kinauza soda tu.

Kinachokitofautisha na vibanda jirani ni maswali ya mwenyewe. Mama huyu, ambaye humwita kila mteja nyathina, yaani mwanangu kwa Kijaluo, hata mwenye mvi kumzidi, hamuuzii mtu chochote kabla hajajua kama anayetembelewa ni mahabusu au ameshahukumiwa. Mara ya kwanza swali hilo liliniudhi, maana nilidhani ni umbea. Baadaye nikaelewa kwamba ndilo linaloamua mgeni abebe nini. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na Sheria ya Magereza inamruhusu ambaye hajahukumiwa kujipatia baadhi ya mahitaji kutoka nje, yakiwemo mavazi, kwa masharti ya gereza lenyewe, ilhali mfungwa huvaa sare na kwa sehemu kubwa hutegemea anachopewa ndani. Mgeni anayemnunulia mfungwa shati jipya atarudi nalo nyumbani, na mama huyu hukuambia hivyo ingawa mashati yananing'inia nyuma yake.

Swali lake la pili huhusu tarehe ya kesi kutajwa. Mshtakiwa anapokuwa rumande, hakimu haruhusiwi kuiahirisha kesi kwa zaidi ya siku 15, kwa hiyo mahabusu hupelekwa kortini mara kwa mara, na anayesafiri kutoka Siaya au Vihiga bila kuuliza tarehe hiyo anaweza kufika na kuambiwa kwamba ndugu yake ameondoka alfajiri. Nimemsikia akimshauri mzee mmoja asinunue kitu, bali apande gari arudi mjini hadi mahakama ya Winam, ambako angeweza angalau kumwona mwanawe akiwa kizimbani. Alipoteza mauzo yake hapo, na hakuonekana kujali.

La tatu ni jina. Huku kwetu mtu anaweza kufikisha miaka thelathini akiitwa kwa jina la utani au la nyumbani tu, huku kitambulisho chake kikiwa na jina la ubatizo ambalo hata shangazi zake hawalikumbuki. Gereza humtambua kwa majina yaliyomo katika hati ya mashtaka na kwa nambari yake, kwa hiyo mama huwataka wageni wayaandike yote kwenye karatasi kabla ya kufika langoni, na kalamu hutoa yeye bila malipo. Hukukumbusha pia kutoa kitambulisho chako mfukoni mapema, kwa sababu bila hicho hakuna anayeingia.

Kuhusu bidhaa zenyewe sina sifa nyingi. Sabuni za mche anaziuza zikiwa zimeshakatwa vipande, jambo la busara, kwa kuwa sabuni nzima hukatwakatwa wakati wa upekuzi ili ijulikane kama kuna kilichofichwa ndani. Lakini bei yake inazidi ya soko la Kibuye kiasi kwamba mwenye nafasi ya kupita Kibuye afanye hivyo na kuzikata mwenyewe nyumbani. Dawa za meno na karatasi za shashi nazo ni ghali. Kwa wanaokwenda upande wa wanawake kuna sodo na nepi, na nepi si anasa, kwa sababu sheria inamruhusu mama aliye gerezani kukaa na mtoto wake mchanga hadi mtoto huyo atimize miaka minne. Chapati na samaki wa kukaanga hauzi kabisa, na ukimwuliza atakwambia ukale wewe mwenyewe hukohuko ulikotoka. Fedha za matumizi hukushauri usizifiche popote, bali uziweke ofisini kwa jina la unayemtembelea ili azitumie kantini, na udai risiti.

Utunzaji wa simu ni shilingi 30, na mfuko ni shilingi 20. Simu hufungiwa katika kabati la mbao lenye kufuli, nawe unapewa kipande cha katoni chenye nambari iliyoandikwa kwa kalamu. Kipande hicho ndicho udhaifu mkubwa wa huduma hii: kikilowa mvua nambari yake haisomeki tena, na hakuna daftari la kuthibitisha simu ni ya nani isipokuwa kumbukumbu ya mama, ambayo ni nzuri lakini si ya kutegemewa saa sita mchana wageni wanapotoka kwa pamoja. Mimi huandika nambari yangu kwenye kiganja.

Kuna pia kijana anayezungukazunguka mbele ya kibanda akiahidi kumpitisha mtu foleni kwa shilingi 200. Hahusiani na mama, nami sikuona dalili yoyote kwamba anahusiana na mtu aliye ndani. Kumtembelea ndugu hakulipiwi, na mama angewasaidia sana wageni wapya kama angelisema hilo kwa sauti badala ya kunyamaza kijana huyo anapopita.

Ninakipendekeza kwa anayekwenda mara ya kwanza, hata kama hatanunua sabuni. Aliyezoea taratibu anaweza kuacha simu nyumbani na kukipita. M-Pesa inapokelewa, ila ulipe kabla ya kuikabidhi simu, na ukitaka benchi lenye kivuli ufike mapema, kwa kuwa ni moja tu.