Kikohozi cha mama na daktari wa kwenye simu: uzoefu wangu

Mama yangu anakaa Korogwe, mimi niko Dar. Ana presha, na tangu abadilishiwe dawa alikuwa na kikohozi kikavu kisichomwacha alale. Alishapewa antibayotiki mara tatu, na sirapu sijui chupa ngapi. Wapi!

Siku moja nikamwambia anipigie picha pakiti za dawa zake zote. Mojawapo ilikuwa enalapril, ile ya presha. Kuitafuta mtandaoni tu, nikakuta kikohozi kikavu kimo kwenye maudhi yake yanayojulikana sana. Nilipomsindikiza kliniki nikaligusia hilo. Daktari hakuinua hata macho: "Udaktari umesomea Google?" Mama akanikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze.

Ndipo tukajaribu hii huduma ya daktari kwa video. Jina silitaji, maana nina malalamiko nayo pia. Nililipa 15,000, tukakaa barazani kwa sababu ndani mtandao hausomi.

Akatokea kijana. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari, au mwanawe?"

Akacheka. Akaomba aonyeshwe dawa moja moja mbele ya kamera. Kikohozi kilianza kabla ya hii au baada yake? Anatoa damu? Anatokwa jasho usiku? Amepungua uzito? Nikasema niliyoyasoma, huku nikisubiri kusimangwa tena. "Umesoma vizuri," akasema, "ila kikohozi kikishapita wiki mbili, kwanza tunapima makohozi."

Akatueleza kwamba dawa za jamii ya enalapril huzuia mwili usivunje kemikali iitwayo bradikinini, na ikirundikana inawasha njia ya hewa. Antibayotiki hapo haina kazi. Lakini mapafu hawezi kuyasikiliza kwenye skrini, kwa hiyo mama aende hospitali akapimwe TB na kupigwa eksirei ya kifua, na wakati huo asiache dawa hata siku moja. Hapo nikaona aibu kidogo, maana mimi nilishapanga kuzificha zile tembe.

Vipimo vilitoka safi, akahamishiwa losartan, dawa nyingine ya presha. Wiki ya tatu mama akalala usiku kucha.

Sasa malalamiko. Simu ilikatika mara mbili na dakika zetu zikaendelea kuhesabiwa. Cheti cha dawa kilikuja kama picha, na duka la kwanza wakakikataa kwa kuwa hakina muhuri. Simu ya marudio tukapewa daktari mwingine, aliyeanza upya na jina na umri kana kwamba hatujawahi kuonana na mtu. Kwa hela hiyo wangesoma hata faili.

Ujumbe wa maandishi, kwa bahati, ulikuwa bado unamfikia yule wa kwanza. Juzi mama kaletewa kwenye kundi lake la vikoba sauti ya mtu anayesema kitunguu saumu kinamaliza presha, watu waachane na dawa za hospitali. Nikamwambia, mama, muulize dokta wako. Akamuuliza. Jibu likaja kwa sauti, halikufika hata nusu dakika: "Mama, kitunguu weka kwenye mchuzi, dawa meza."

Ameshairusha kwenye kundi. Wenzake wanataka namba ya dokta.