Kozi ya uprosesa wa mikopo ya nyumba: lipia mafaili ya mazoezi, cheti kisahau

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Nimelipa dola 495 kwa kozi ya mtandaoni ya kujifunza uprosesa wa mikopo ya nyumba hapa Marekani, yaani kazi ya kukusanya na kukagua karatasi za anayeomba mkopo. Kati ya hizo, ningelipa 400 tena bila kinyongo kwa kitu kimoja tu, mafaili ya mazoezi. Zilizobaki zimekwenda kwenye video za kusinzia, cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, na kitu wanachokiita huduma ya ajira, ambacho nitakifikia. Jina la chuo nalibakiza moyoni. Kozi za namna hii ni nyingi na zinafanana, kwa hiyo ninachosema hapa kitakusaidia kuipima yoyote utakayokutana nayo.

Mimi nilikuwa keshia wa benki Dar es Salaam kabla ya kuhamia huku. Huku nimefunga maboksi ghalani zamu ya usiku hadi mgongo ukaanza kunisemesha. Nilitaka kazi ya mezani ambayo haidai digrii ya hapa na ambayo jicho langu la kukagua karatasi lingenifaa. Aliyenitajia uprosesa ni shemeji yangu, naye alikuwa ameisikia tu alipokuwa ananunua nyumba na kusumbuliwa karatasi na dada mmoja kwa simu kila Jumatatu.

Huyo dada ndiye prosesa. Ofisa mikopo anaongea na mteja na kumuuzia mkopo. Anderaita ndiye mwenye kauli ya ndiyo au hapana. Prosesa yuko katikati. Anakusanya slipu za mshahara, fomu za W-2 (za mwajiri, zinazoonyesha mshahara na kodi ya mwaka), taarifa za benki, ripoti ya mthamini, bima ya nyumba na ripoti ya hatimiliki, anakagua kama vyote vinasema kitu kimoja, anamfuata mteja kwa kilichopungua, kisha analipeleka faili juu. Likirudi na masharti, ni lake tena. Mteja akifoka kwamba karatasi hiyo ameshaituma, anayefokewa ni yeye.

Sasa mafaili. Kila moja ni rundo la nyaraka za mtu wa kubuni, zimechanganywa makusudi, nyingine zimepigwa picha kwa simu zikiwa zimekaa upande. Hupewi maswali ya kuchagua A, B au C. Unaambiwa tu: andaa faili kwa ajili ya anderaita, andika kinachokosekana na sababu yake.

Faili lililonikamata ni la kijana wa ghalani (nilicheka) anayelipwa dola 28 kwa saa. Ofisa mikopo amejaza kwenye fomu kwamba kipato chake ni dola 4,853 kwa mwezi. Ukikokotoa, 28 mara saa 40 mara wiki 52, ugawe kwa 12, inafika hapohapo. Hesabu haina tatizo. Lakini slipu yake inayoishia tarehe 15 Juni inaonyesha kwamba tangu Januari amelipwa jumla ya dola 24,750. Gawa kwa miezi mitano na nusu, unapata 4,500. Kwa maneno mengine, saa 40 hazifikishi kila wiki, na pesa ambayo haingii mfukoni huwezi kuihesabu kama kipato.

Tofauti ni dola 353, unaweza kuiona ndogo. Madeni yake ya kila mwezi ni rehani mpya dola 1,620 pamoja na kodi na bima, gari 410, kadi 85, jumla 2,115. Kwa kipato cha kwanza, madeni yanachukua asilimia 43.6. Kwa kipato cha pili, asilimia 47. Mkopeshaji wa kwenye zoezi ameweka kikomo cha 45. Faili limeshaanguka, na hakuna aliyedanganya.

Halafu uko mtego wa pili ndani ya huohuo, na huu ndio ulionifanya nimheshimu aliyelitunga faili. Kwenye taarifa ya benki kuna dola 2,300 zimeingizwa kwa mkupuo mmoja bila maelezo. Kwa kanuni za Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, mtu anaponunua nyumba, pesa iliyoingia kwa mkupuo ikizidi nusu ya kipato cha mwezi kinachotumika kwenye mkopo, inahesabika kuwa kubwa, na kama inahitajika kwenye malipo ya mwanzo au gharama za kufunga (kukamilisha) mkopo, lazima chanzo chake kionyeshwe. Nusu ya 4,853 ni kama 2,426, kwa hiyo 2,300 inapita kimyakimya. Nusu ya 4,500 ni 2,250. Hapo 2,300 inadai maelezo. Ukipokea kipato alichojaza ofisa mikopo bila kukikagua, hilo la pili hulioni kabisa. Majibu ya zoezi yanaeleza hatua kwa hatua: pesa ilitoka kwa dada yake, inatakiwa barua ya zawadi yenye saini ikisema haidaiwi, pamoja na ushahidi wa pesa kutoka akaunti ya dada kwenda ya kaka.

Hapo kozi iliniacha na njaa. Sisi wengine pesa zetu za mkupuo hazitoki kwa dada. Zinatoka kwenye upatu. Mwezi wako ukifika unapokea elfu tano taslimu kutoka kwa kijumbe, unaziweka benki, na kwa prosesa asiyejua upatu ni nini hizo zinaonekana kama pesa za maajabu. Kozi nzima haina hata sentensi moja kuhusu hili. Nilikwenda kuchimba mwenyewe kwenye mwongozo wa wauzaji wa Fannie Mae, ambao unasomwa bure mtandaoni, na kumbe upo kifungu. Akiba ya pamoja ya kijamii inakubalika kuwa chanzo cha malipo ya mwanzo, mradi mkopaji aonyeshe kwamba amekuwa akichangia kwa mpangilio na anayeusimamia mfuko athibitishe kwa maandishi. Barua ya kijumbe, basi! Na kama bado anadaiwa kuendelea kuchangia, mchango huo unaingizwa kwenye madeni yake ya mwezi. Natamani ningekuwa na nakala ya kifungu hicho mkononi miaka ya nyuma, nilipowaona watu wa kwetu wakiambiwa wasubiri pesa "zikae" ndipo waombe mkopo.

Kitu kingine wanachofundisha vizuri ni kalenda. Sheria ya shirikisho, kwa utaratibu ulioanza Oktoba 2015, inamtaka mkopeshaji atume hati ya makadirio ya mkopo ndani ya siku tatu za kazi baada ya kupokea maombi. Na maombi hapa yana maana yake maalumu, yaani vitu sita: jina, kipato, namba ya hifadhi ya jamii, anwani ya nyumba, makadirio ya thamani yake, na kiasi cha mkopo. Cha sita kikishaingia, hata kama ni kwa simu, saa imeanza kukimbia. Upande wa mwisho, hati ya mwisho ya gharama lazima mteja awe ameipokea siku tatu za kazi kabla ya kusaini. Wengi wanakwama kwa sababu siku za kazi za mwanzo si siku za kazi za mwisho. Za mwanzo ni zile ambazo ofisi ya mkopeshaji iko wazi kwa shughuli zake. Za mwisho zinahesabu kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu za shirikisho, kwa hiyo Jumamosi imo. Mteja aliyepokea hati Alhamisi anaweza kusaini Jumatatu. Ukiipeleka kwa posta, unaongeza siku nyingine tatu za kudhaniwa imefika. Walitupa kalenda ya Novemba yenye Siku ya Shukrani katikati na kututaka tupange tarehe za kufunga mikopo kadhaa. Nilifurahi kama mtoto.

Walimu ni wawili. Wa kwanza ni mama mmoja aliyefanya kazi hii mpaka sauti yake ina uchovu wa simu, na kila anachosema kina asili. Ndiye aliyesisitiza kwamba taarifa ya benki ikiandikwa "ukurasa 1 wa 6", unadai zote sita, hata ule wa sita ambao ni mweupe na umeandikwa kwamba umeachwa wazi makusudi, kwa sababu anderaita hawezi kujua ni mweupe hadi auone. Pia akaonyesha namna ya kumwomba mteja nyaraka kwa ujumbe mmoja uliokamilika badala ya kumdonoa kila siku kwa karatasi moja. Mwalimu wa pili anasoma slaidi. Sina la kuongeza juu yake.

Tuje kwenye malalamiko. Video ya fomu ya maombi, hiyo inayojulikana kwa namba 1003, bado inaonyesha fomu ya zamani. Mpya imekuwa ya lazima tangu tarehe 1 Machi 2021, na mpangilio wake ni tofauti kabisa. Niliwaandikia. Nikajibiwa kwamba "maudhui yanapitiwa". Nilipomaliza kozi ilikuwa palepale. Kwa kozi inayokufundisha kuwa makini na tarehe za nyaraka, hiyo ni aibu.

Programu ya kuendeshea mikopo nayo wanaionyesha kwa picha tu. Unaona mtu anabonyeza, wewe hubonyezi chochote. Matangazo mengi ya kazi niliyosoma yanataka mtu aliyewahi kushika Encompass, mojawapo ya programu hizo, na kuiona kwenye picha siyo kuishika. Naelewa leseni zake ni ghali, ila wangesema mapema badala ya kuandika "mafunzo ya programu" kwenye ukurasa wa mauzo.

Lililoniudhi kuliko yote ni cheti. Tangazo lao linasema utatoka ukiwa "prosesa aliyethibitishwa kitaifa", na limeandikwa kwa namna ambayo mgeni ataamini ni leseni. Si leseni. Chini ya Sheria ya SAFE ya 2008, sheria ya shirikisho ya leseni za mikopo ya nyumba, prosesa aliyeajiriwa kwa mshahara na kufanya kazi chini ya usimamizi wa mwenye leseni, kwa kawaida hahitaji leseni yake mwenyewe. Anayejitegemea kama mkandarasi ndiye anayeihitaji: masaa 20 ya masomo yaliyoidhinishwa na NMLS (mfumo wa nchi nzima wa leseni za watu wa mikopo), mtihani wenye alama ya kufaulu ya asilimia 75, alama za vidole, ukaguzi wa rekodi ya mikopo, na chochote cha ziada ambacho jimbo lake linadai. Hii kozi haihesabiki hata kwa saa moja kati ya hizo 20. Habari hiyo ipo, lakini imefichwa kwenye maswali ya mara kwa mara, chini kabisa, kwa maandishi madogo. Wangapi wameilipia wakidhani kesho wanafungua ofisi?

Huduma ya ajira ni kiolezo cha wasifu wa kazi na orodha ya tovuti za kutafutia kazi ambazo kila mtu anazijua. Video ya kutia hamasa inasema kampuni zinalilia maprosesa. Zililia kweli, wakati mmoja. Januari 2021 wastani wa riba ya rehani ya miaka 30 ulishuka hadi asilimia 2.65, watu wakakimbilia kubadilisha mikopo yao ya zamani, na kampuni zikaajiri kwa pupa. Oktoba 2022 riba hiyohiyo ilikuwa imepita asilimia 7, na wengi wa walioajiriwa wakarudishwa nyumbani. Kazi hii inapanda na kushuka na riba. Anayekuuzia kozi bila kukwambia hivyo anakuficha.

Nilichofanya mimi ni kuacha kuomba nafasi zenye jina la prosesa, maana karibu zote zinataka uzoefu wa miaka miwili, nikaomba za chini yake: kupokea na kupanga mafaili, dawati la kutuma hati kwa wateja, msaidizi wa prosesa. Kwenye usaili uliozaa matunda, meneja alinisukumia slipu ya mshahara mezani na kuniuliza mtu huyu anapata kiasi gani kwa mwezi. Sikugusa kiwango cha saa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jumla ya tangu Januari, nikaomba kikokotoo. Cheti hakuuliza, na mimi sikukitoa kwenye begi.

Kwa hiyo, kama umewahi kushika kazi ya benki, uhasibu, bima au masijala ya hospitali, na unataka kuajiriwa, inunue, uruke video za mwalimu wa pili, uende kwenye mafaili, na usome mwongozo wa Fannie Mae pembeni. Subiri punguzo, huwa wanashusha bei kila baada ya muda, na mimi niliponunua sikusubiri. Kama unataka kujitegemea, pesa yako ianze na yale masaa 20 ya NMLS. Kama kompyuta bado inakupiga chenga, jifunze kwanza majedwali ya hesabu na kuunganisha PDF, kwa sababu kozi inachukulia unavijua na haikusubiri.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza siku watakapoiondoa ile video ya fomu ya zamani. Ya tano, siku neno "kitaifa" litakapotoka kwenye tangazo.