Siku tano kwa miguu kutoka Matemwe hadi Makunduchi: uliza mwezi kabla ya kulipa

Nianze na viatu. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa 26 nafunga vidonda, na kidonda cha jiwe la matumbawe nakijua: leo ni mkwaruzo tu, siku ya tatu kimevimba na kutoa usaha. Kiongozi wetu alipotupigia simu Dodoma wiki moja kabla ya safari, hakutusifia mandhari. Alisema, “Mama, njooni na yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, na soksi. Raba ziacheni nyumbani.” Nikamwamini hapo hapo.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu. Safari ni ya siku tano na usiku nne kwenye pwani ya mashariki ya Unguja: Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe, Uroa, Chwaka, hapo unavuka kwa boti hadi Michamvi, kisha Bwejuu, Paje, Jambiani na Makunduchi. Tulikwenda Matemwe kwa daladala namba 118, tukarudi mjini kwa namba 310. Kila mmoja alilipa shilingi 450,000. Humo mna kiongozi, malazi kwenye nyumba za wanakijiji, chakula cha asubuhi na cha usiku, boti, na bodaboda ya kutanguliza mabegi. Cha mchana unajinunulia njiani. Kwa mshahara wangu hizo ni pesa nyingi, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Unachokilipia hasa ni hesabu ya maji. Sisi tuliokulia bara tunadhani bahari hupwa na kujaa saa zile zile kila siku. Kumbe huchelewa kila siku, mara dakika 40, mara 50 au zaidi, na umbali inaokwenda unafuata mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanapanda hadi kwenye kuta za hoteli, kisha yanapwa kuelekea mwambani hadi huyaoni, na kati ya kujaa na kupwa kuna kimo cha karibu mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiji karibu sana wala haiendi mbali. Sasa, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Ndipo wanawake wanapokwenda kwenye mwani na pweza, na ndipo mwenye miguu anapopata barabara pana ya mchanga mgumu. Siku za maji mafu, saa hizo hizo bahari imejaa, unabanwa juu kwenye mchanga laini unaomeza kifundo.

Tarehe tulizotaka sisi ziliangukia mwezi nusu. Kiongozi wetu alizikataa. “Mtateseka, halafu mtasema pwani yetu mbaya. Ombeni ruhusa kazini, mje siku mbili kabla ya mpevu.” Angeweza kupokea pesa yetu na kukaa kimya. Nilibadilishana zamu na wenzangu wawili, na sijuti.

Siku ya kwanza naipita haraka. Matemwe ni pazuri, kisiwa cha Mnemba unakiona mbele yako hadi shingo ichoke kugeuka, lakini kuanzia Pwani Mchangani hadi Kiwengwa ni hoteli baada ya hoteli, na walinzi wanakutazama kana kwamba umekuja kuchukua kitu. Kiongozi aliwasalimia kila mmoja, akasimama, akauliza hali ya nyumbani. Baada ya salamu hakuna aliyetuzuia. Alituomba pia tujifunge kanga kila tunapokaribia kijiji, nasi tulikuwa tumeshajifunga.

Uroa ndipo nilipolala usingizi wa maana. Mwenyeji wetu ni mama mtu mzima, ametupa chumba chenye neti nzima isiyo na tundu (niliikagua, ni mazoea ya kazi), maji ya ndoo, na choo kisafi kuliko cha wodi nyingi nilizofanyia kazi. Jioni alitupikia pweza wa nazi na wali. Pweza alikuwa laini hadi mdogo wangu akauliza amechemshwa saa ngapi. “Mwanangu, pweza hachemshwi kwa saa, anapigwa kwanza,” akatuonyesha jiwe la uani analompigia. Asubuhi tukapewa vitumbua na chai ya mchaichai. Ningelipia safari nzima kwa ajili ya nyumba hii tu.

Sasa lawama yangu, na ni kubwa. Ghuba ya Chwaka ni pana na haina kina, maji yakipwa inabaki tope, majani ya bahari na mikoko. Kwa hiyo mguu unataka kupwa lakini boti inataka kujaa, na siku ile ya tatu ilipangwa vizuri: tufike Chwaka mchana, tuondoke saa kumi maji yakiwa bado yanapanda. Nahodha alikuja saa kumi na mbili na nusu. Hakupiga simu, hakuomba radhi. Maji yalishageuka. Tulivuka gizani bila jaketi hata moja la kuokolea maisha, na karibu na Michamvi boti ikapwelewa. Nahodha akasukuma kwa upondo, haikwenda. Tukashuka, maji magotini, tochi za simu mkononi, tukatembea hadi nchi kavu bila kuona tunachokanyaga. Mdogo wangu hajui kuogelea. Nilimshika mkono njia nzima na moyo wangu haukutulia hadi nilipogusa mchanga mkavu.

Kiongozi alitembea mbele yetu akipapasa kwa mguu, na usiku ule ule alirudisha pesa ya boti yote bila kuombwa. Namheshimu kwa hilo. Lakini mtu anayejua maji kama yeye anatakiwa awe na nahodha wa pili wa kumwita, na majaketi yawe ndani ya boti kabla abiria hajapanda. Nilimwambia ana kwa ana, na narudia hapa: hadi hilo litengenezwe, mwombe akupitishe kwa gari kutoka Chwaka. Ni mzunguko, na hutaiona ghuba kutoka majini, lakini utafika.

Baada ya usiku huo, Michamvi hadi Jambiani ilikuwa kama zawadi. Tulipita Pingwe maji yakiwa yametoka, mgahawa wa The Rock umesimama juu ya mwamba wake mchangani, watu wanaufikia kwa miguu. Maji yakijaa wanapelekwa kwa boti. Hatukuingia.

Paje na Jambiani ndiko kilimo cha mwani cha biashara kilikoanzia, mwaka 1989, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Kwa mbali unaona safu za vijiti na kamba, na wanawake wameinama, maji kiunoni. Mmoja aliniruhusu nifunge vishada kumi. Vidole vyangu vimezoea nyuzi za kushonea, lakini nilichelewa kuliko binti yake. Nilimuuliza kuhusu aina mbili za mwani. Spinosamu ndiyo waliyonayo. Kotonii ina bei nzuri zaidi ila maji yakipata joto inaoza, wengi wameiacha. Niliona mikono yao: ngozi imelainika na kupasuka kwa chumvi, macho mekundu kwa mwanga unaorudi kutoka majini. Nilitoa mafuta yote ya vaselini niliyokuwa nayo, na mkija, bebeni ya ziada.

Jambiani tulikaa pia na bibi anayefukua makumbi ya nazi ili asokote kamba. Yanafukiwa ufukweni kwa miezi hadi yalainike, yakitoka yananuka, kisha anayaponda kwa gongo hadi usumba, yaani nyuzi zake, utoke, anausokota kwa viganja. Hakuna mashine. Nilinunua kamba ya urefu wa uani kwangu, nimeifunga ya kuanikia nguo tangu nirudi, na mashuka yaliyolowa hayajailegeza.

Makunduchi tulifika mchana wa siku ya tano. Shamrashamra za Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, huwa mwezi wa saba, sisi tulifika wa nane, kijiji kimetulia, tukanywa madafu na kukagua miguu. Malengelenge mawili kwa mdogo wangu, kwangu hakuna, mkwaruzo hata mmoja hakuna.

Jambo la mwisho ni upepo. Mwezi wa nane kusi inavuma, nasi tulikuwa tunaelekea kusini, hivyo ilitupiga usoni siku zote tano na kuturushia mchanga machoni. Kiongozi alikiri kwamba miezi ya kusi ingefaa kuanzia Makunduchi, ila wageni huzoea kuanzia Matemwe. Nimeshamwambia atuwekee nafasi mwezi wa kwanza, bamvua ya mpevu, kaskazi ikiwa mgongoni. Atupokee Matemwe, atulaze kwa yule mama wa Uroa usiku mbili, na Chwaka atuitie gari.