TAHADHARI: Kuna mtu anauza safari ya Mlima Kenya kwa watu wa Kisumu na Nakuru, na hakuna safari

Watu wangu, naomba msome hii yote na mtumie yeyote mnayejua anapanga kupanda Mlima Kenya Januari au Februari. Ni miezi mizuri, mvua huwa imepungua, kwa hivyo ndio wakati hawa matapeli wanatoka kwa wingi. Kuna ukurasa unazunguka Facebook na kwa magrupu ya WhatsApp ya Kisumu, Kakamega na Nakuru, una picha safi kabisa ya Ziwa Michaelson likipigwa kutoka juu, watu wamevaa majaketi ya rangi rangi wanacheka, alafu maandishi makubwa, LENANA SIKU 3, KILA KITU NDANI, LIPA POLE POLE. Lenana ndio kilele cha Mlima Kenya ambacho watu wa kutembea kwa miguu hufika. Jina lake siweki hapa ju tangu nianze kuufuatilia limeshabadilika na wiki ijayo litakuwa lingine. Shikeni mtindo wake.

Binamu yangu na wenzake wa chama walilipa. Hawa ni wauguzi na walimu, watu wa kujinyima hadi mwisho wa mwezi ndio waweke kakitu kando, na hii safari waliipangia mwaka mzima. Kwanza wakaambiwa dipoziti ni elfu nane kila mtu. Baadaye ikaja elfu sita ya kile jamaa aliita ada za KWS, lile shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi, alafu wiki yenyewe ya safari ikaja elfu mbili na mia tano ya bima ya uokoaji, ati bila hio hamvuki lango. Pesa zote zilienda kwa nambari ya simu ya kawaida, si paybill, si till, na kila mara jina linalotokea kwa meseji ya M-Pesa ni la mtu tofauti. Mkiuliza mnaambiwa huyo ni mhasibu, huyu mwingine ni wa ofisi ya Nanyuki.

Na si mtu wa kukuharakisha, hapo ndipo anapata watu. Ana heshima, anakuita dadangu, anauliza mtoto alipona homa, aliwapigia hadi simu ya video akiwa amesimama mbele ya mahema. Wakaambiwa wapande matatu ya usiku hadi Nakuru, gari ya kampuni itawachukua stejini asubuhi. Kufika Nakuru wakapata kundi lingine limekaa juu ya mizigo linangoja gari hio hio, na kuulizana, kila mtu aliuziwa bei yake. Jamaa akaandika meseji moja ya mwisho, dereva amepata shida, njooni Nanyuki nauli nitarudisha, kutoka hapo simu ikawa haipatikani.

Wengine waligeuza wakarudi nyumbani. Binamu yangu na wenzake wawili wakaunganisha kupitia Nyahururu hadi Nanyuki, wakakodi gari hadi lango la Sirimon, wakaonyesha afisa risiti zao za eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali. Nimeziona hizo risiti, alinitumia. Nembo ya serikali iko juu vizuri, rangi ni zile zile, lakini maandishi ya tarehe ni manene kuliko maandishi mengine yote, na nambari ya kitambulisho ni moja kwa watu watatu. Mmoja wao, mwalimu wa hesabu, ndiye aligundua hio wakiwa bado kwa gari na akanyamaza ju hakutaka kuvunja wenzake moyo. Afisa akaangalia kwa mfumo, hakuna kitu. Aliwaeleza kwa upole, na walilia palepale langoni.

Sasa kuna aina ya pili, na kwangu hio ni mbaya zaidi. Hawa wanakupeleka kweli, lakini ile bei ya chini lazima ikatwe mahali, na inakatwa kwa siku za mwili kuzoea hewa na kwa mwongozaji. Rafiki yangu wa Nakuru alienda na watu kama hao. Mwongozaji hakuwa na kadi ya KWS, na kundi lote lilikuwa na mwongozaji mmoja tu. Usiku wa kwanza kambi ya Old Moses, usiku wa pili kambi ya Shipton's, kufika huko kichwa kinapasuka, chakula hakiingii, ametapika mara kadhaa, na saa tisa usiku anaamshwa anaambiwa kunywa maji twende, ukibaki hapa kundi litachelewa. Alipoanza kutembea akiyumba, mwongozaji wa kundi lingine kabisa, ambaye hakumlipa hata shilingi, ndiye alikataa, akamshika mkono na kumteremsha. Yule mzee Mungu ambariki.

Nataka muelewe kwa nini hio siku 3 ni hatari kwetu hasa watu wa ziwa. Kisumu tunalala karibu mita 1,130 hivi. Old Moses ni mita 3,300, Shipton's ni 4,200, Lenana ni 4,985. Yani asubuhi umekunywa chai Kondele hapa Kisumu, usiku unaofuata unalala juu ya mita 3,000, na siku ya tatu mnataka kufika karibu elfu tano. Ushauri wa madaktari wa mambo ya milima unajulikana, ukishapita mita 3,000 usiongeze mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na upumzike siku nzima kila unapoongeza kama mita 1,000. Old Moses hadi Shipton's peke yake ni mita 900, imeshapita kipimo. Mwongozaji mzuri anajua hio, kwa hivyo mkifika Old Moses mapema atawatembeza juu kidogo alafu mrudi chini mlale, na atawaongezea usiku mmoja njiani au pale Shipton's kabla ya kilele. Mimi kwa mtu anayetoka Kisumu na hajawahi kupanda, nitasema siku 5, na 4 ni kwa mwenye amezoea. Siku 3 sitamshauri mtu ninayempenda.

Na mjue dalili wenyewe, msingoje kuambiwa. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya kula, hizo zinatokea kwa wengi na maana yake ni usipande zaidi mpaka zitulie. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea mambo hayaeleweki, au akiwa ameketi tu bado anahema na kukohoa, hapo ubongo au mapafu yanaanza kujaa maji, na dawa ya kwanza ni kushuka, saa hio hio, hata kama ni usiku na hata kama umelipa. Mwongozaji anayebishana na hilo hafai. Wengi wazuri siku hizi wanabeba kile kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni, muulize kama anacho, utaskia tu kwa jibu lake kama ni mtu wa mlima.

Kuna kitu kingine kilikuwa kwa ratiba ya binamu yangu na kingetosha kuwafichua. Siku ya 3 imeandikwa BATIAN 5,199M NA CHETI. Batian ndio kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, ni kweli, na Nelion yenye mita 5,188 iko kando yake, lakini hizo mbili ni za watu wa kamba, kofia ngumu na kupanda mwamba kwa mikono. Sisi wa kutembea kwa miguu tunaishia Lenana. Mtu akikuuzia Batian kwa kundi la wapandaji wa mara ya kwanza, au hajui mlima, au anajua na anakudanganya. Vile vile angalia kama ameandika njia. Sirimon, Naro Moru na Chogoria ndizo njia kuu, na kila moja ina kambi zake. Naro Moru unalala Met Station alafu Mackinder's, Sirimon ni hizo nilizotaja. Wa kwao aliandika unaingilia Sirimon unalala Mackinder's usiku wa kwanza, kitu ambacho mwenye amewahi kuingia pale hawezi kuandika.

Pesa sasa. Ada za kuingia hifadhi zinalipwa kwa eCitizen, na bei za mwananchi, mkazi na mgeni ziko wazi pale, kwa hivyo fungua akaunti yako mwenyewe uone unatakiwa kulipa ngapi kwa siku zako. Ukiweza lipa wewe, paybill ya serikali ni 222222, tiketi itoke ikiwa na jina lako. Kama kampuni ndio inalipa, waambie watume tiketi yenyewe, si skrinshoti, kabla hujamaliza salio, na siku ya safari beba kitambulisho. Muuzaji wa kweli hakasiriki ukiomba hio, ameizoea.

Alafu omba leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ile TRA. Hapa ndio wengi wanachanganywa, unatumiwa cheti cha usajili wa biashara chenye muhuri unaona iko sawa. Kusajili jina la biashara ni jambo dogo sana Kenya na halimpi mtu ruhusa ya kuuza safari. Pia omba jina la mwongozaji na picha ya kadi yake ya KWS, na uongee naye kwa simu kabla, sio na muuzaji. Muulize analala wapi usiku wa pili. KWS hairuhusu mtu apande peke yake, kwa hivyo huyo mwongozaji maisha yenu yako mikononi mwake, si vibaya kumhoji. Na watu wa huku magharibi, kama mnataka kuanza mlima bila kwenda mbali, kuna Elgon, unaingilia lango la Chorlim upande wa Kitale, Koitobos ni mita 4,222, malipo ni eCitizen hivo hivo na hadithi za matapeli zinaweza kuwa hizo hizo.

Kama umetuma pesa leo, usikae. Tuma ile meseji ya M-Pesa kwa 456 uombe irudishwe, inasaidia kama hajaitoa, na meseji za utapeli zitume 333. Alafu nenda polisi uandikiwe OB, ile nambari ya kitabu cha matukio, hata kama wanakuambia pesa ni kidogo, sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 iko na udanganyifu wa aina hii umo ndani. DCI, wale wapelelezi wa polisi, wana laini ya bure, 0800 722 203. Mahakama ya madai madogo inasikiza kesi za hadi shilingi milioni 1 na inatakiwa kumaliza kwa siku 60, huhitaji wakili, lakini lazima uwe na jina na mahali pa mtu wa kumshtaki, na hapo ndio mtu wa nambari ya simu tu anakuponyoka. Kwa hivyo jina kamili, nambari ya kitambulisho na ofisi iko wapi, chukua kabla ya dipoziti.

Binamu yangu na wale wa Nakuru wameshaandikisha taarifa na wanakusanya meseji zote za M-Pesa mahali pamoja, ju majina ya waliopokea pesa yanaanza kujirudia. Kama ulilipa ukurasa wenye hio picha ya ziwa na maneno ya lipa pole pole, usifute mazungumzo, usibadilishe simu, niandikie inboksi na tarehe, kiasi na jina lililotokea ulipotuma. Nitakuunganisha na wenzako leo leo.