OEIS: kamusi ya namba inayomfaa kila mpenda mafumbo

Andika 1, 2, 4, 6, 10, 12 ubaoni, kisha uliza: namba gani inafuata? Katika klabu yetu ya hisabati hapa Tanga, vijana wa kidato cha pili huwahi kusema 16. Hoja yao ni nzuri: chukua namba tasa 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, punguza 1 kwa kila moja. Mimi huwaambia kwamba 18 nayo ni sahihi, na hapo mabishano huanza. Nyenzo ninayoitumia kuyachochea mabishano hayo ni OEIS, kamusi ya mtandaoni ya mifuatano ya namba kamili.

Kuitumia ni rahisi. Unaingia oeis.org, unaandika namba zako ukizitenganisha kwa mkato, unatafuta. Hulipi chochote, wala huhitaji kujisajili kama unasoma tu. Kurasa zake karibu zote ni maandishi matupu, kwa hiyo kwangu zinafunguka hata mtandao ukisuasua. Kila mfuatano una namba yake ya usajili inayoanza na A: namba tasa ni A000040, mfuatano wa Fibonacci, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, ni A000045.

Ukitafuta zile sita za ubaoni, inakuja orodha ndefu. A006093 ndiyo ya namba tasa zilizopunguzwa 1. Ongeza 18 na 22, orodha inapungua, na humo utaikuta A002491, ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu inatoka katika mchezo wa ukoo mmoja na bao letu. Mchezaji ni mmoja. Mashimo yamepangwa mstari mmoja, mwishoni kuna ghala. Unachota kete zote za shimo moja, unazisambaza mojamoja kuelekea ghalani, na ya mwisho lazima iangukie ghalani. Mfuatano unasema ni kete ngapi, kwa uchache, zinahitajika ili shimo la kwanza litumike, la pili, la tatu, na kuendelea.

Asiyecheza bao ataupata kwa kalamu. Anza na 10. Panda hadi kigawe cha 9 kilicho karibu: 18. Kisha kigawe cha 8: 24. Cha 7: 28. Cha 6: 30, ambayo tayari ni kigawe cha 5, basi unabaki hapo hapo. Cha 4: 32. Cha 3: 33. Cha 2: 34. Kwa hiyo namba ya kumi katika mfuatano ni 34. Ukianza na 20 utafika 132. Sasa zidisha 20 kwa 20, gawanya kwa 132: unapata kama 3.03. Anza na namba kubwa zaidi na zaidi, jibu litaisogelea pai, ile ile ya duara! Jambo hili limethibitishwa. Tunahesabu kete na vigawe tu, duara halipo popote, na pai inatokea. Sijui somo lingine la vigawe linalowafikisha wanafunzi mbali kiasi hicho.

Ndiyo maana sipendi mitihani inayouliza "jaza namba inayofuata" na kukubali jibu moja. Mwanafunzi aulizwe kanuni yake, apewe alama kwa kanuni hiyo.

Kazi hii aliianza Neil Sloane mwaka 1964 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, akiandika mifuatano kwenye kadi. Kitabu chake cha 1973 kilikuwa na mifuatano 2,372. Sasa imezidi 370,000, na wahariri wa kujitolea hupitia kinachotumwa kabla hakijachapishwa.

Kasoro kubwa ni lugha. Maelezo ni ya Kiingereza kifupi na kikavu, ya watu waliokwisha kubobea. Mwanafunzi akiwa peke yake atakwama, inabidi mwalimu akae naye. Tena kamusi hutoa jibu haraka mno. Klabuni simu hazitolewi mpaka kila mmoja awe ameandika kanuni yake kwenye daftari. Ukikosa unachotafuta, iache namba ya kwanza uanzie ya pili, maana watu hutofautiana mfuatano unaanzia wapi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka hadi maelezo yapatikane kwa Kiswahili, angalau ya mifuatano ya shuleni.

Fumbo letu linalofuata ni 1, 3, 5, 7, 9, 20, 31, 42, namba alizozichunguza D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule kule Devlali, India. Ziko A003052, lakini jaribuni kwanza kwa kalamu. Kidokezo: 21 haimo kwa sababu 15 + 1 + 5 ni 21.