Garaji ya nyumbani Lubumbashi: anza na meza na jiliwa, seti za soketi zitakuja

Kwenye garaji yangu hapa Kampemba, Lubumbashi, kitu ninachokithamini kuliko vyote si spana wala soketi (vile vikombe vya kufungulia boliti), ni jiliwa, kile chombo chenye taya za kubania chuma mezani. Najua wengi wakitaka kujitengenezea gari nyumbani hukimbilia lile sanduku la plastiki la soketi lenye vipande mia na kitu, linalometameta likifunguliwa dukani. Ukiniuliza mimi, tafuta meza kwanza, funga jiliwa juu yake, halafu ndipo uhesabu fedha iliyobaki.

Meza yangu niliichongesha kwa fundi wa kuchomelea, kwa kornieri (vyuma vya umbo la L) za milimita 50, na juu nikaweka mbao za mninga zenye unene wa sentimita 5. Madukani kulikuwa na meza za kukunja zilizopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nyepesi na za bei nzuri, lakini ukisukuma tupa kwa nguvu nayo inatembea. Miguu ya mbao niliikataa kabisa. Aliyekaa Lubumbashi anawajua mchwa wetu, maana vichuguu vyao ni vikubwa kiasi kwamba watu hufyatua matofali kwa udongo wake. Mguu wa mbao uliosimama kwenye sakafu ya garaji ni chakula chao.

Fundi alitaka kunipa kimo cha meza ya kulia. Nikamwambia, "Yaya (kaka), ngoja kwanza," nikasimama mbele yake nimekunja mkono, akapima kutoka sakafuni hadi kiwiko. Sehemu ya juu ya taya za jiliwa ndiyo inayotakiwa kufika hapo, si uso wa meza, ili ukipiga tupa mkono uende sambamba na sakafu. Kwa hiyo alitoa kimo cha jiliwa, akakata miguu kwa kilichobaki. Na kwa kuwa sakafu yangu ina mteremko kuelekea mlangoni, alichomelea nati chini ya kila mguu akapenyeza boliti: unazungusha, meza inakaa sawa. Wazo hilo lilikuwa lake, na nilimwongezea kidogo kwa ajili yake.

Jiliwa lenyewe nilinunua la mtumba, taya za milimita 125, kwa mzee mmoja mstaafu. Mji huu umeishi kwa karakana tangu enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, kabla hata Gécamines, ile ya serikali, haijaundwa mwaka 1967, na chuma cha zamani hakikosekani ukiulizauliza mitaani. Jiliwa jipya la ukubwa huo lilikuwa karibu bei ileile na uzito pungufu. Ila la mtumba likague. Funga taya polepole mpaka zigusane, liinulie kwenye mwanga: ukiona mwanya upande mmoja tu, taya zimepinda au zimelika. Halafu rudisha mkono wa parafujo nyuma uone unazunguka kiasi gani kabla taya haijaanza kusogea. Mkono ukizunguka nusu duara bure, nyuzi za parafujo zimekwisha. Jiliwa nyingi ni za chuma cha kumimina, ambacho kikipasuka hakichomelewi vizuri, kwa hiyo rangi mpya nzito mahali pamoja inanitia shaka kuliko kutu.

Lifunge kwenye kona, juu ya mguu wa meza, na taya isiyotembea itokeze nje kidogo ya ukingo. Hapo hata bomba refu utalibana likiwa wima bila meza kulizuia.

Sasa soketi. Shemeji yangu alinunua ile seti kubwa kwenye duka moja la mjini. Boliti ya kwanza ngumu ya ekzosi, racheti (mkono wa kuzungushia soketi) ikaruka meno. Aliporudi nayo akaambiwa, "Ukishaitumia, ni yako." Maandishi ya kromu-vanadi, yaani chuma kigumu cha zana, yalikuwepo, tena makubwa, lakini kugonga maandishi kwenye chuma hakumshindi mtu.

Mimi huenda soko la Kenya, komuni ya hapahapa Lubumbashi, na boliti ya 12 (kichwa cha milimita 12) mfukoni. Muuzaji alinicheka: "Papa, umeleta boliti, gari umeacha wapi?" Lakini alinyamaza nilipoivalisha soketi zake moja baada ya nyingine, nikizitikisa. Inayochezacheza itakula kona za boliti siku utakayokuwa na haraka. Chukua zenye pembe sita ndani, si kumi na mbili, kwa sababu zinashika ubapa wa boliti badala ya kona. Kwa Toyota na Wajapani wengine, 8, 10, 12, 14, 17 na 19 zinafanya karibu kazi yote, na 21 kwa nati za magurudumu. Namba 13 ni ya magari ya Ulaya. Kama huna gari la huko, itakaa tu. Nunua 10 mbili. Moja itapotea, wala usiniulize inaenda wapi.

Racheti ndiyo ya kulipia. Yenye meno 72 inahitaji digrii 5 tu za mwendo ili ishike tena, ya meno 24 inataka 15. Ukiwa umeingiza mkono nyuma ya alteneta, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama boliti itatoka leo. Na kabla hujaharibu skrubu za Kijapani, tazama kama zina kidoti karibu na msalaba: hizo zinataka bisibisi ya JIS (kiwango cha Japani), kwa sababu ile ya msalaba ya kawaida, Phillips, haizami mpaka chini na huruka.

Sanduku nilichukua la bati lenye trei tano zinazofunguka kwa pande mbili. Ya plastiki ni mepesi, ila vifungo vyake havikunidumia. Likijaa ni zito kwelikweli, kwa hiyo ndani yake naweka vya kutoka navyo tu, vingine nimevitundika ukutani. Masika navipangusa kwa kitambaa chenye oili. Kiangazi navikausha kabisa, maana vumbi letu jekundu likikutana na oili ndani ya racheti, meno hayashiki tena.

Ninachoweka akiba sasa ni spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Nati za magurudumu za Corolla zinataka Nm 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu hiyo), na kukaza kwa kukanyaga spana kunazipita mbali mpaka boliti zinavutika. Nimeikuta moja nzuri, inauzwa pamoja na cheti chake cha kipimo, na mwenyewe bado hajakubali kushuka bei.