Rula ya pembe na begi lake: uzoefu wangu na seti ya kupigia picha eneo la tukio, Mafinga

Nasimamia walinzi wa usiku kwenye yadi za mbao hapa Mafinga. Wizi wetu unajulikana: msumeno wa injini, dizeli, betri za malori, na mara mojamoja mbao zenyewe zinapakiwa kwenye guta alfajiri. Polisi wakipigiwa simu wanakuja, ila kabla hawajafika wameshatangulia mwenye yadi, majirani na vibarua wa zamu ya asubuhi, na kila mmoja anataka kusogea aone kufuli ilikokatwa. Wakitoka hao, mvua inamalizia. Ndiyo sababu niliagiza seti hii. Nimeitumia masika na kiangazi, na walionipigia kuniuliza kama inafaa nawajibu hapa kwa pamoja.

Begi lilinigharimu Sh 85,000 mbali na nauli ya basi kutoka Dar. Ndani kuna rula yenye umbo la L, vibao vya namba vya njano, tepu ya kupimia ya mita 5, utepe wa kuzungushia eneo, mifuko ya nailoni yenye zipu, glovu, na kichupa cha unga mweusi wa alama za vidole pamoja na brashi yake.

Rula ndiyo iliyobeba begi zima. Ina mikono miwili iliyogawanywa kwa milimita, miduara mitatu (kwenye kona na kwenye ncha mbili), na vipande vya kijivu, vyeusi na vyeupe. Vijana wangu walidhani ile miduara ni urembo. Kumbe ndiyo inayokuumbua: ukiinamisha simu kidogo tu, mduara unavutika unakuwa yai, na mpelelezi akiiona picha anajua simu haikuwa sambamba na alama, kwa hiyo vipimo vyake vina walakini. Kijivu nacho kina kazi. Udongo wetu mwekundu huichanganya simu, picha ikatoka ya rangi ya chungwa. Kile kipande kinampa anayeisafisha picha baadaye mahali pa kurekebishia rangi na mwanga.

Rula za mtindo huu zilitokana na ile iliyobuniwa Marekani miaka ya 1980 kwa ajili ya kupima alama za meno kwenye ngozi ya binadamu. Elimu yenyewe ya kumtambua mtu kwa alama za meno imetiliwa shaka kubwa tangu hapo. Mwaka 2016 jopo la washauri wa sayansi wa Rais wa Marekani lilisema wazi kwamba haina msingi uliothibitishwa. Rula yake ikabaki, inapima viatu na vitasa.

Naitumia hivi. Kwanza picha za mbali, yadi yote ionekane na kitu kisichohama, kwa mfano nguzo ya umeme au kona ya ofisi. Halafu za kati, zinazoonyesha alama ipo wapi ukilinganisha na mlango au lori. Mwisho za karibu, na hizi ni mbili kwa kila alama: moja bila rula, nyingine na rula, simu ikiwa palepale. Ukiruka ile ya bila rula, kuna siku wakili atauliza rula ilikuwa imefunika nini, na hutakuwa na jibu.

Alama ya kiatu kwenye tope ndiyo inayohitaji subira. Rula isikae juu ya ukingo wakati soli ilizama sentimita mbili chini, maana kilicho karibu na simu huonekana kikubwa na kipimo kinadanganya. Nachimbua kidogo pembeni, mbali na alama, rula ikae usawa mmoja na unyayo. Tochi usiimulike kutoka juu. Ilaze karibu na ardhi, imulike kwa ubavu, kisha izungushe upande mwingine upige tena. Vivuli ndivyo vinavyoinua mistari ya soli. Mchana wa jua kali mtu mmoja asimame na mwavuli akinge jua, tochi ifanye kazi yake. Na lenzi ile pana ya simu achana nayo, inapinda kingo.

Kwenye yadi tuna taabu ambayo sidhani waliotengeneza seti waliiwaza, yaani vumbi la mbao. Linashika alama vizuri kuliko udongo, hata mshono wa soli unauona, lakini upepo mmoja tu na kila kitu kimefutika. Hapo hatuchimbui wala kupima chochote. Ni kupiga picha kwanza, upesi, huku wawili wameshika turubai upande wa upepo.

Kuna na katambuga. Unyayo wake ni tairi tupu, na ukiutazama harakaharaka unasema pikipiki imepita. Rula ikiwepo, upana na urefu vinamaliza ubishi. Mabuti ya mvua yana shida nyingine: nusu ya Mufindi wanavaa yaleyale, kwa hiyo mchoro wa soli peke yake haumtaji mtu. Kinachosaidia ni mkato, mahali ilipolika, au kijiwe kilichokwama, na hivyo havionekani kwenye picha iliyopigwa kwa wasiwasi.

Sasa lawama. Plastiki ya rula inang'aa mno, ukiwasha mwanga wa simu namba zinapotea kwenye weupe. Nimeisugua kwa msasa laini sana na imetulia. Vibao vya namba ni vyepesi, upepo unavilaza, tunavibania mawe. Tepu ya mita 5 haina maana kwenye yadi. Natumia ya fundi, ya mita 30, kupima kutoka pembe mbili za jengo hadi kwenye kila alama, ili hata mwenye kuchora ramani ya eneo la tukio kesho yake ajue kitu kilikuwa wapi.

Mifuko ya nailoni ndiyo iliyoniudhi. Kitambaa chenye damu au unyevu ukikifungia humo, hasa kwa baridi ya Juni na Julai huku kwetu, kinatoa jasho na kuota ukungu, na vinasaba vinaharibika. Vitu vya namna hiyo hukaa kwenye bahasha au mfuko wa kaki. Lakini hata hiyo ya kaki nimeinunua kwa ajili ya kumpa askari aliyefika bila kitu, si ya mlinzi kuokotea. Sisi hatuokoti. Kuchukua kielelezo na kujaza hati ya ukamataji mali ni kazi ya polisi. Ule unga wa vidole bado umefungwa kama ulivyokuja. Brashi mikononi mwa asiyefundishwa inafuta alama badala ya kuiibua.

Kitu ambacho begi halina, na ningekiweka cha kwanza, ni daftari. Mahakama ya Rufani katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007 ilieleza kwamba kielelezo kifuatiliwe kwa maandishi: nani alikikamata, nani alikaa nacho, kilipita kwa nani. Kaunta buku letu linaandika saa, nani aliingia ndani ya utepe, nani alishika nini, picha zilipigwa kwa simu ya nani.

Na picha msizitume WhatsApp kama picha. Zinabanwa, na taarifa za saa na mahali zinaondoka. Tuma kama hati, na za asili zibaki kwenye simu bila kuhaririwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa, kwa hiyo picha iliyopita makundi matatu ndiyo hupewa maswali mengi.

Mara ya mwisho kufuli ilipokatwa, mpelelezi aliangalia picha ya karibu ya alama za mkasi wa kukatia nondo, akahesabu milimita kwa kidole, akaniomba nimtumie zote. Hajawahi kuniomba picha kabla ya hapo.

Rula naipa nyota nne, begi zima mbili. Ukiweza kuipata rula peke yake, nunua hiyo. Za bure za kuchapisha kutoka mtandaoni zipo, ila mashine za steshenari mara nyingi hupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi, na sentimita 10 zinatoka pungufu. Nenda na rula ya chuma, uzilaze pamoja palepale kaunta kabla hujalipa.